Kiwanda Hakizidi Idadi ya Ndugu: Kisa cha Wafumaji wa Tarapur na Umbergaon

Mwaka 2008 viwanda kadhaa vya kufuma nguo kaskazini mwa Mumbai, India, viligawanywa kwa bahati nasibu, kama wagonjwa wanavyogawanywa dawa mpya inapojaribiwa. Kundi moja lililetewa washauri wa menejimenti kwa miezi mitano, bure, wakawa wanashinda kiwandani na mameneja. Kundi la pili likapata mwezi mmoja tu wa kukaguliwa na kuambiwa wapi pamelegea, basi. Baada ya hapo makundi yote mawili yakafuatiliwa wiki baada ya wiki: kitambaa kiasi gani kimetoka, kasoro ngapi zimeonekana, nyuzi kiasi gani zimelala stoo.

Waliobuni jaribio hilo ni wachumi watano: Nicholas Bloom na John Roberts wa Chuo Kikuu cha Stanford, David McKenzie wa Benki ya Dunia, Aprajit Mahajan na Benn Eifert. Ushauri wenyewe ulitolewa na kampuni ya Accenture kupitia watu wake wa India. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la Quarterly Journal of Economics, na tangu hapo kisa hiki kimenukuliwa sana. Kinachonukuliwa zaidi ni asilimia 17, ambayo ni ongezeko la tija la mwaka wa kwanza. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba yenye mvuto mdogo kuliko zote humo ndani. Linalostahili kukaliwa ni swali la kwa nini faida ile ililala miaka yote bila mwenye kiwanda kuiokota, na kwa nini baadaye nusu ya mbinu zilizoileta zikaachwa na watu walewale walioionja.

Kwanza viwanda vyenyewe

Tarapur iko jimbo la Maharashtra; Umbergaon iko mbele kidogo, ukishavuka mpaka wa jimbo na kuingia Gujarat. Ni miji ya viwanda iliyo kwenye ukanda wa pwani unaopanda kutoka Mumbai. Watafiti walizilenga kampuni 66 za kufuma vitambaa vya pamba zenye wafanyakazi kati ya 100 na 1,000. Zilizokubali kushiriki hadi mwisho zilikuwa 17, zenye jumla ya viwanda 28. Kati ya hivyo, 14 vikaingia kwenye kundi la kupewa ushauri na 6 kwenye kundi la kulinganishia; vinane vilivyobaki vilikuwa mali ya kampuni hizohizo lakini havikuingizwa moja kwa moja kwenye jaribio. Hivyo vinane vitakuja kuwa na maana baadaye.

Msomaji asifikirie vibanda vya mafundi cherehani. Kampuni ya wastani hapo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 270 na mauzo ya zaidi ya dola milioni 7 kwa mwaka, na ilikuwa imefanya kazi kwa takriban miaka 20. Mashine zilifuma usiku na mchana. Kiwanda kilinunua nyuzi, kikatandaza mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), kikafuma, kikakagua kitambaa, kikarekebisha kasoro, kisha kikauza. Zote zilikuwa kampuni za familia: baba, wanawe, kaka na kaka, wakati mwingine binamu. Mwanapwani hapa Afrika Mashariki anaifahamu India ya nguo kwa upande wa kaunta, maana khanga na vitambaa vingi vya Kariakoo na Mombasa vinatoka huko, na familia nyingi za wafanyabiashara wa miji yetu asili yao ni Gujarat. Hiki kisa kinatupeleka nyuma ya kaunta, kwenye sakafu ambako kitambaa kinazaliwa.

Na sakafu hiyo ilikuwa chafu. Washauri walipiga picha, na picha hizo zimebaki kuwa sehemu ya ushahidi: takataka zimerundikwa kando ya mashine, zana zimetapakaa chini, vipuri vimetupwa pembeni bila mpangilio, nyuzi zimelundikana zisijulikane ni za rangi gani wala zilinunuliwa lini. Ni rahisi kucheka. Lakini mtu aliyewahi kukaa kwenye biashara inayoingiza pesa kila siku anaelewa jinsi uchafu wa namna hiyo unavyozoeleka. Mzigo unatoka, wateja wanalipa, mshahara unapatikana. Nani atasimamisha mashine ili apange vipuri?

Jora moja la kitambaa

Tuangalie jambo moja kwa karibu, kwa sababu ndimo pesa nyingi ilimopotelea: kasoro.

Mashine ya kufuma hupitisha uzi wa mshindio, ule wa upana, katikati ya nyuzi za mtande maelfu ya mara kwa kila mita chache za kitambaa. Uzi mmoja wa mtande ukikatika na mashine isisimame, kitambaa kinatoka na mfereji mwembamba unaoendelea mita baada ya mita. Mshindio ukipita mara mbili unaacha mstari mnene. Mafuta ya mashine yakidondoka yanaacha doa. Rangi ya uzi ikitofautiana kidogo kati ya fungu na fungu, shati linatoka na mkono mmoja wenye weupe tofauti na mwingine.

Kabla ya jaribio, kazi ya kukabiliana na haya yote ilifanywa mwishoni kabisa. Kitambaa kikishafumwa kilipelekwa kwa wakaguzi na warekebishaji, ambao walikitazama kipande kwa kipande, wakachomoa uzi mbovu kwa mkono na kuchomeka mzuri. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano alikuwa anafanya kazi hiyo ya kukagua na kurekebisha. Kilichoshindikana kilitupwa au kuuzwa kwa bei ya chini. Kesho yake, mashine ileile yenye tatizo lilelile ilifuma tena mfereji uleule, na warekebishaji wakaukuta tena. Kasoro hazikuandikwa kwa utaratibu wa kueleweka, kwa hiyo hakuna aliyejua kama nusu ya hasara ilitoka kwenye mashine tatu mbovu, au kwa zamu moja, au kwa aina moja ya uzi kutoka kwa muuzaji mmoja. Pale ambapo mteja alilalamika ndipo kumbukumbu ilipotafutwa.

Walichofanya washauri ni kitu ambacho ukikisoma unaona aibu kukiita ushauri wa kitaalamu. Waliweka fomu. Kila kasoro iandikwe: ya aina gani, mashine ipi, zamu ipi, muundo upi, mfumaji yupi. Karatasi zijumlishwe. Kila siku meneja wa ubora, meneja wa uzalishaji na wakuu wa zamu wakutane, watazame orodha, waulizane iliyo juu kabisa imetokana na nini, na nani ataishughulikia kabla ya kesho. Ndiyo hivyo tu. Kasoro zilishuka kwa asilimia 43.

Stoo nako ilikuwa hadithi ya aina hiyohiyo. Viwanda vililalia nyuzi za miezi kadhaa, na bado vilinunua nyingine za rangi zilezile kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kilichopo nyuma ya rundo ni nini. Nyuzi za chini zilipondeka na kupata unyevu. Dawa yake ilikuwa rafu, lebo, na orodha kwenye kompyuta. Kisha likaja wazo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: nyuzi zilizobaki kutoka kwenye oda za zamani zilibandikwa vipande vipande kwenye kadi, kila rangi na namba yake, kadi zikapelekwa kwa wabunifu wa vitambaa ili wanapochora muundo mpya waanze na rangi ambazo kiwanda tayari kinazo. Mali iliyokuwa imeandikwa moyoni kuwa hasara ikaanza kutoka mlangoni ikiwa kitambaa. Kwa jumla akiba ya nyuzi ilipungua kwa kiasi cha kuonekana.

Mbinu zote zilizopendekezwa zilikuwa 38, zikigusa uendeshaji wa mashine, ubora, stoo, wafanyakazi, na mauzo na oda. Viwanda vilivyopewa ushauri vilianza vikiwa na takriban robo ya mbinu hizo na vikafika karibu theluthi mbili. Wenye viwanda hawakuzipokea zote kwa mkupuo: walijaribu kwenye mashine chache, wakangoja waone, wakaongeza. Hata kundi lililokaguliwa tu lilipanda kwa pointi 12 za asilimia, jambo linaloonyesha kwamba wakati mwingine kuonyeshwa kidonda tu kunatosha mtu kutafuta dawa mwenyewe. Watafiti walikadiria kwamba kiwanda kilichoshauriwa kiliongeza faida ya zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikitokana na kitambaa ambacho hakikutupwa tena na mashine ambazo hazikusimama ovyo. Ushauri kama huo kwa bei ya kawaida ya soko ungegharimu kama dola 250,000 kwa kiwanda. Yaani ungejilipa ndani ya mwaka mmoja.

Kama ulikuwa na faida hivyo, kwa nini hawakufanya?

Hapa ndipo wachumi wanapokuna kichwa, kwa sababu nadharia waliyolelewa nayo inasema pesa iliyoangushwa barabarani haikai muda mrefu. Fomu ya kuandikia kasoro haihitaji mkopo wa benki. Mkutano wa kila siku hauhitaji kibali cha serikali.

Jibu la watafiti mwaka 2013 lilikuwa habari, kwa maana ya ujuzi. Kila ilipotokea mbinu kutotumiwa, washauri walimhoji mwenye kiwanda na kuandika sababu. Kwa mbinu ambazo hazikuzoeleka katika eneo lile, kama kukutana kila siku juu ya ubora au kumpa mfanyakazi bonasi kulingana na utendaji, sababu kubwa ilikuwa kutowahi kuzisikia. Kwa zile zilizojulikana, sababu ilikuwa kuziona hazina faida: mwenye kiwanda aliamini ubora wake hauna tatizo, kwa sababu si mbaya kuliko wa jirani. Na kweli haukuwa mbaya kuliko wa jirani. Jirani naye alikuwa na warekebishaji wake, mmoja kati ya watano. Ukijipima kwa mtu anayeumwa ugonjwa wako, utajiona mzima.

Nalikubali jibu hilo kwa nusu. Linaeleza kwa nini mwenye kiwanda mmoja hakujua. Halielezi kwa nini soko halikumwadhibu. Katika soko la vitabuni, kiwanda kimoja kati ya 66 kingegundua siri hii kwa bahati, kikashusha bei, kikapanuka, kikawamaliza wengine. Ushindani wa nje ulipunguzwa na ushuru mkubwa wa kuagiza vitambaa, na kuanzisha kiwanda kipya kulihitaji mtaji mzito; hayo yanasaidia. Lakini bado ungetegemea aliye bora kidogo amle aliye dhaifu. Haikutokea, na sababu iliyotolewa humo ndani ndiyo kiini cha kisa chote.

Hesabu ya kaka na wana

Watafiti walipotafuta kinachotabiri ukubwa wa kampuni hizi, waliangalia ubora wa uongozi wake. Haukutabiri vizuri. Kilichotabiri ni idadi ya wanaume wazima katika familia ya mwenye mali. Mwenye kaka wawili na wana watatu alikuwa na kampuni kubwa. Mwenye mtoto mmoja wa kiume alikuwa na ndogo, hata kama ndogo hiyo iliendeshwa vizuri zaidi.

Ukitafakari, ni jambo la kutisha kidogo. Uchumi wa eneo zima, maelfu ya ajira, mamilioni ya dola, umepangwa kwa kufuata nani alizaa watoto wangapi wa kiume. Na hesabu hiyo ni ya wanaume tu kwa sababu viti vya ukurugenzi vilikaliwa na wanaume tu. Binti aliyesoma uhasibu hakuingia kwenye hesabu kabisa. Watafiti hawakulikalia sana jambo hilo. Mimi ningelikalia. Kampuni inayolalamika haina watu wa kuaminika, huku imewaacha nyumbani nusu ya watu wa damu yake, imejifungia mlango kwa mkono wake.

Kwa nini familia, basi? Kwa sababu ya wizi, na kwa sababu ya mahakama. Meneja wa kuajiriwa anayepokea nyuzi anaweza kuuza magunia kadhaa kwa mlango wa nyuma, au kupatana na muuzaji bei ya juu na kugawana naye tofauti. Mwenye mali akimkamata na kumshitaki, kesi za India zinajulikana zinavyokaa. Kwa hiyo mwenye mali hampi meneja nafasi ya kuiba: manunuzi makubwa anayafanya mwenyewe, kuajiri anaajiri mwenyewe, bei anakubaliana mwenyewe. Meneja wa kiwanda chenye watu zaidi ya mia moja anaruhusiwa kununua vitu vidogo vidogo tu bila kupiga simu. Kufungua kiwanda cha pili maana yake ni kupata mtu wa pili wa kukaa hapo kutwa, na mtu huyo ni kaka au mwana. Wakiisha, kampuni imefika ukutani.

Tukitazama hivyo, uchafu wa sakafuni unapata maelezo mengine. Mkurugenzi mwenye kiwanda anakagua hundi, anajadiliana na wauza nyuzi, anapokea simu za wateja, anaamua nani apewe likizo. Muda wa kufikiri kwamba warekebishaji wamekuwa wengi mno anautoa wapi? Na meneja aliye chini yake, anayeiona kasoro ileile kila siku, hana mamlaka wala sababu ya kulisema. Akisema, atapewa kazi ya ziada bila nyongeza. Akinyamaza, mshahara ni uleule.

Ndiyo maana matokeo mawili ya jaribio, ambayo watu huyapita haraka, yananivutia kuliko asilimia 17. La kwanza: viwanda vilivyoshauriwa vilianza kutumia kompyuta zaidi, na wenye mali wakawaachia mameneja maamuzi mengi kidogo kuliko mwanzo. Ongezeko lilikuwa dogo, lakini linaonyesha njia. Fomu ya kasoro na orodha ya stoo zilikuwa zana za ubora, ndiyo. Zilikuwa pia jicho. Mwenye mali anayeweza kuona kwenye karatasi kwamba kilo fulani za nyuzi zimeingia na kitambaa kiasi fulani kimetoka, hana haja ya kusimama pale akihesabu. La pili: ndani ya miaka mitatu kampuni zilizoshauriwa zilikuwa zimefungua viwanda zaidi kuliko zile za kulinganishia. Familia haikuwa imeongeza watoto wa kiume katika muda huo. Kilichobadilika ni kwamba waliokuwapo waliweza kusimamia zaidi.

Mwaka 2017 wakarudi

Utafiti mwingi wa namna hii huishia kwenye pongezi. Huu una sehemu ya pili, na heshima yake iko hapo. Mwaka 2017 Bloom, Mahajan, McKenzie na Roberts walirejea kwenye viwanda vilevile kuona kilichobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Karibu nusu ya mbinu zilizoanzishwa katika viwanda vya jaribio zilikuwa zimeachwa. Hata hivyo pengo kati ya walioshauriwa na wasioshauriwa lilikuwa bado kubwa. Unaweza kusoma matokeo hayo kwa furaha au kwa huzuni, na wote mtakuwa sahihi. Miezi michache ya ushauri iliyoacha alama kwa karibu miaka tisa si jambo dogo. Najua semina nyingi ambazo alama yake haifiki Jumatatu.

Sababu za kuacha ndizo zinazofundisha. Mbili zilitajwa sana. Meneja aliyejifunza mbinu aliondoka, na wa baadaye hakuiendeleza. Na mkurugenzi hakuwa na muda wa kuisimamia. Tazama jinsi majibu haya yanavyotofautiana na lile la kwanza. Kutojua hakukuwa tena sababu kuu: walishajua, walishaona faida kwenye vitabu vyao wenyewe, walishapungukiwa na kasoro mbele ya macho yao. Bado wakaacha. Ujuzi uliingia kiwandani ukaishi kichwani mwa mtu mmoja mwajiriwa, ambaye hakuwa wa familia, hakuwa na hisa, hakuwa na mwana wa kurithishwa. Kiwanda jirani kilipompa nyongeza, au alipochoka tu, alitoka na daftari lake.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba tatizo la viwanda vya nchi kama India ni ukosefu wa habari, nasita. Habari ilikuwa tatizo la siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili tatizo ni nani anaaminiwa kuishika, analipwaje kuishika, na akiondoka inabaki kwa nani. Hayo hayatibiwi kwa mbinu 38, wala kwa 60.

Mambo mawili ya kupima kabla ya kumeza

La kwanza ni udogo wa sampuli. Viwanda 20 ni vichache sana kwa jaribio la bahati nasibu, na kampuni 17 kati ya 66 ni zile zilizokubali kuingia, si zilizochaguliwa bila kuulizwa. Huenda wenye nazo walikuwa wepesi zaidi wa kusikiliza. Watafiti walijitetea kwa kupima kila kiwanda wiki kwa wiki kwa muda mrefu na kutumia hesabu zinazofaa makundi madogo, na utetezi huo una uzito. Lakini asilimia 17 ya wafumaji wa pamba wa Tarapur haipaswi kubebwa kama ilivyo na kupachikwa kwenye kiwanda cha viatu Dhaka au cha samaki Mwanza.

La pili linanisumbua zaidi. Katika kurasa zote hizo, sauti zinazosikika ni za wakurugenzi, washauri na, kwa mbali, mameneja. Mfumaji anasikika kama safu katika fomu: mashine ipi, zamu ipi, mfumaji yupi. Sehemu ya faida iliyokadiriwa ilitokana na kupungua kwa kazi ya warekebishaji. Ilikuwa sehemu ndogo kuliko ile ya kitambaa kilichookolewa, kweli, lakini ni mshahara wa watu. Walihamishiwa kwingine? Waliambiwa wasirudi? Na yule mfumaji ambaye jina lake lilianza kuandikwa kando ya kila kasoro, je, alipewa njia ya kusema kwamba tatizo ni uzi wa bei rahisi ulionunuliwa na ndugu wa mkurugenzi? Fomu nzuri ya kasoro ingekuwa na nafasi ya jibu hilo. Kiwanda ambacho kinamuogopa meneja wake kwa wizi hakielekei kumuuliza mfumaji maoni.

Kuna jambo la mwisho kutoka safari ya 2017, na hapa vile viwanda vinane vinarudi. Mbinu zilisambaa sana ndani ya kampuni: zilizoanzia kwenye kiwanda kimoja zilihamia kwenye viwanda vingine vya familia hiyohiyo, ambavyo mshauri hakupelekwa. Lakini kutoka kampuni moja kwenda nyingine, za utafiti uleule, hazikusambaa sana, ingawa viwanda viko kwenye miji ileile na vinafuma kwa mashine zinazofanana. Mbinu ilisafiri kwa njia ileile inayosafiria imani: kutoka kwa kaka kwenda kwa kaka.

McKenzie aliendelea na suala hilo mahali pengine, akiwa na Leonardo Iacovone na William Maloney, kwenye viwanda vya vipuri vya magari nchini Colombia. Huko walijaribu kuweka kampuni chache katika kikundi kimoja chini ya mshauri mmoja, badala ya kumpa kila mmoja mshauri wake. Gharama ilikuwa karibu theluthi moja ya ile ya ushauri wa mmoja mmoja, na uongozi wa viwanda uliboreka kwa kiwango kinachokaribiana. Wenye viwanda walikaa meza moja na watu wa biashara ileile, wakaonyeshana walichofanya. Tarapur na Umbergaon hawakuwahi kukalishwa hivyo. Kila mwenye mali alishauriwa ndani ya geti lake.